Foowili kwa milima ya Colorado wakati wa theluji: chesisi nzito, Subaru, au ni tairi tu?

#1 Mgeni wa Aurora
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia Aurora, pembeni ya Denver, na kazi niliyopata inanitaka nipande milimani hadi Frisco kila mwisho wa juma, kisha nirudi Jumapili usiku, saa ambazo nusu ya jiji nayo inarudi. Kwa sasa nina gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, na majira ya baridi yaliyopita lilinitosha kwa sababu sikutoka mjini. Sasa natafuta gari ambalo halitaniacha njiani. Rai yangu, na ninaomba mnipinge kwa hoja, ni kwamba gari lenye chesisi ya ngazi (fremu nzito ya chuma yenye umbo la ngazi) na gia nzito ya kwenda polepole kwa nguvu, kama Toyota 4Runner au Lexus GX 470, halina mpinzani kwenye theluji, na kwamba hizi Subaru na RAV4 ambazo kila jirani anazisifu ni magari ya mjini yaliyoinuliwa kidogo. Kwetu Mbulu, msimu wa mvua, nimeona ni gari gani linalofika na ni gari gani linalovutwa kwa trekta. Vilevile nimeambiwa kwamba mwenye foowili, yaani gari linalovutwa na magurudumu yote manne, hahusiki na ile sheria ya tairi za majira ya baridi ya I-70, barabara kuu ya kupanda milimani. Karibuni.

#2 Kashata Mpya
Karibu Colorado, ndugu. Umeanza kuangalia gari kutoka juu, ilhali jambo lenyewe liko chini, pale mpira unapogusa barabara. Foowili inakusaidia kuondoka na kupanda. Haikusaidii kusimama, kwa kuwa kila gari, hata hilo dogo ulilo nalo, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Chukua mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kwenye lami kavu, ambapo msuguano ni kama 0.7, gari linasimama ndani ya mita 20 hivi tangu breki zishike. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, msuguano ukishuka hadi 0.25, unahitaji mita 57. Kwenye barafu tupu yenye msuguano wa 0.1 unahitaji mita 140 na ushei. Katika hesabu hiyo hakuna mahali pa kuandika jina la gari wala idadi ya difu zake, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu.

Kinachobadilisha ile 0.25 ni tairi. Mpira wa tairi la kawaida unaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, wakati mpira wa tairi la baridi umechanganywa ubaki laini. Ukinunua, tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, kwa sababu tairi lenye alama hiyo limepimwa kwenye theluji. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake inaeleza umbo la kashata tu, yaani mikato ya juu ya tairi. Kwa maoni yangu, gari lako dogo likivishwa tairi nne za baridi litasimama mapema kuliko GX 470 yenye tairi za misimu yote zilizokwisha nusu.

#3 Jirani wa Floyd Hill
Nirekebishe jambo moja la mwandishi wa #1 kabla halijamgharimu mtu fedha. Sheria inamhusu kila mwenye gari. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, kwenye I-70 kati ya Dotsero na Morrison, gari la foowili nalo linatakiwa kuwa na tairi zenye kashata zisizopungua kina cha inchi 3/16, yaani milimita 4.8 hivi. Mwenye gari la magurudumu mawili yanayovuta anatakiwa awe na tairi za baridi au za M+S zenye kina hicho hicho, vinginevyo abebe minyororo au zile soksi za kitambaa za kuvisha tairi zilizoruhusiwa. Faini inapita dola 100, na gari lako likiziba njia inapita dola 650. Njia rahisi ya kupima ni kuingiza sarafu ya senti 25 kichwa chini kwenye mfereji wa tairi: ukikiona kichwa cha Washington chote, tairi hilo halifai.

#4 Fundi wa Kiboriloni
Salaam kutoka Moshi. Sijawahi kuendesha kwenye theluji ya Marekani na sitajifanya ninaifahamu, lakini magari mnayoyataja nayafungua kila wiki. Hiyo GX 470 ni Prado 120 tunayoijua, ila imewekewa injini ya V8 ya lita 4.7. Foowili yake ni ya wakati wote: katikati kuna difu ya Torsen inayogawa nguvu mbele na nyuma, na ipo swichi ya kuifunga pale mambo yanapokuwa mabaya. Hapo ndipo inapoachana na 4Runner nyingi za kizazi cha tano, ambazo foowili yake unaiingiza unapoitaka na kuitoa unapomaliza, isipokuwa ile ya daraja la Limited.

Kwa barabara yenu tofauti hiyo ni kubwa. Foowili isiyo na difu ya katikati ukiitumia kwenye lami kavu, ekseli ya mbele na ya nyuma zinashindana kwenye kona, shafti zinajikaza, na usukani unakuwa mzito hadi unasikia gari likiruka kidogo kidogo. Nasikia barabara ya milimani inaweza kuwa kavu kwa kilomita kadhaa, kisha kivuli cha mlima kikawa na barafu, kisha kavu tena. Mwenye foowili ya kuingiza atakuwa anabonyeza na kutoa njia nzima, na akichoka ataiacha nje, na barafu itamkuta hivyo. Mwenye foowili ya wakati wote hana kazi hiyo. Kwa hiyo Mgeni usiziweke 4Runner na GX kapu moja. Na likikwama, punguza upepo wa tairi, upana wa kugusa chini uongezeke, kama tunavyofanya kwenye mchanga.

#5 Binti wa Golden
Asante Fundi kwa maelezo ya difu, ni ya wazi kuliko niliyowahi kupewa na muuzaji yeyote. Kuhusu upepo sikubaliani nawe. Kwenye baridi upepo wa tairi hushuka wenyewe, takribani psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto linalopotea, kwa hiyo mtu aliyejaza mchana wa joto Denver anafika juu usiku akiwa tayari amepungukiwa. Barabara kuu yenye barafu na magari ya mwendo mkubwa siyo mahali pa kupunguza zaidi. Wanaopunguza ni wale wanaoingia njia za misituni zenye theluji nzito isiyosukumwa, na hao hubeba kijazio chao.

Nimrekebishe na Jirani wa #3. Kipimo cha kichwa cha Washington kinaishia inchi 4/32, wakati 3/16 ni sawa na 6/32. Tairi linaweza kufaulu kwa sarafu na likafeli kwa askari. Kipimo halisi cha kina kinauzwa dola chache, na kinatosha kwenye droo ya gari.

#6 Dereva wa Masafa
Nimeendesha malori kwenye I-70 kwa miaka mingi, Denver hadi Utah na kurudi, na nitaeleza ninachokiona kutoka kwenye kiti cha juu. Kupanda siyo tatizo la magari madogo. Ukitoka handaki la Eisenhower kuelekea magharibi, barabara inateremka kwenda Silverthorne kwa mteremko wa karibu asilimia 7, na ndiyo maana pamejengwa njia mbili za changarawe za kunasia malori yaliyopoteza breki. Usiku wa theluji, pale nje ya mdomo wa handaki, unatoka kwenye lami kavu yenye taa na kuingia ghafla kwenye weupe usio na mstari hata mmoja. Taa nyekundu zinawaka mbele yako zote kwa pamoja, na wewe unashuka na gia, unasikia injini ikilalamika, harufu ya breki za watu inaingia hadi ndani.

Wanaoteleza hapo, kwa macho yangu, wengi ni wenye magari makubwa ya foowili. Walipanda vizuri, gari halikuwapa onyo lolote, wakaamini kwamba barabara ni nzuri. Mwenye gari dogo alishaonywa tangu mwanzo wa mlima kwa sababu tairi zilizunguka bure, akapunguza mwendo. Mgeni, gari lolote utakalonunua, jifunze kuteremka kwa gia na kuacha breki kwa dharura.

#7 Kibo Kaskazini
Dereva, ninaheshimu uzoefu wako, lakini hesabu hiyo ina tundu. Kwenye barabara hiyo magari ya foowili ndiyo mengi mno, na kwa hiyo hata kama yangekuwa salama kuliko mengine bado ungeyaona mengi mtaroni. Isitoshe, mwenye gari dogo mara nyingi hubaki nyumbani siku ya dhoruba. Anayetoka siku hiyo ni mwenye foowili.

#8 Mkaazi wa Bergen
Habari za huko. Nchini Norwei tunabishana jambo hili hili kila Novemba. Njia ya kutoka Bergen kwenda Oslo kwa kupitia uwanda wa Hardangervidda, dhoruba ikizidi, hairuhusu mtu kupita peke yake: magari yanakusanywa kwenye kizuizi, yanapangwa nyuma ya gari la kusukuma theluji, na mnavuka kwa msafara. Kwenye msafara huo utaona magari madogo ya kila aina, mengi hayana foowili, na yote yanavuka. Sheria ya hapa inadai kashata za milimita 3 tu wakati wa baridi, pungufu kuliko ya kwenu, lakini watu wanabadilisha tairi kweli, na wengi wanatumia zenye misumari. Mimi mwenyewe naendesha gari la mbele lenye misumari, na mlima ninaopanda kwenda kazini umewahi kumshinda jirani yangu mwenye gari kubwa jipya la foowili lililokuja na tairi pana. Tairi pana linaelea juu ya theluji, jembamba linaikata na kufika chini kwenye lami. Hata Fundi, ambaye anataka upana wa kugusa uongezeke, nadhani atakubali kwamba theluji ya barabarani siyo mchanga.

#9 Fundi wa Kiboriloni
Mkaazi wa Bergen, theluji ya kina kirefu isiyo na lami karibu ni jambo jingine, na Binti wa #5 amesema wenyewe huko wanapunguza upepo. Mimi nimezungumzia kukwama, ninyi mnazungumzia kusafiri. Nabaki na neno langu.

#10 Mizani
Niongeze fizikia kidogo, kwa sababu #2 na #8 wanagusa kitu kimoja bila kukutana. Ni kweli kwamba kwenye hesabu ya darasani uzito unajikata na umbali wa kusimama haubadiliki. Theluji halisi, hata hivyo, siyo uso mgumu: sehemu ya mshiko inatokana na kashata kukata na kushika theluji yenyewe, na hapo uzito juu ya kila sentimita ya mpira, upana wa tairi na umbo la kashata vyote vinaingia. Ndiyo maana watu wawili wakweli wanaweza kuleta ushahidi unaopingana. Aidha, kwenye theluji laini breki za ABS zinaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa kuwa gurudumu lililofunga hujikusanyia kilima cha theluji mbele yake, na ABS hailiachi lifunge. Faida yake ni kwamba usukani unaendelea kukutii.

Hakuna aliyetaja mwinuko. Handaki la Eisenhower liko kwenye mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa wanaoujua Kilimanjaro, hapo ni juu ya vibanda vya Mandara, na bado kidogo kufika Horombo. Hewa ya hapo ina mgandamizo wa takribani theluthi mbili ya ule wa pwani, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake. Injini ndogo ya Subaru isiyo na turbo, yenye watu wanne na mizigo, itapanda ikilia. V8 ya GX inapoteza fungu lile lile, lakini inabaki na akiba.

#11 Kibo Kaskazini
Mizani, theluthi hiyo ni ya joto la kawaida. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri hewa inakuwa nzito kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya nyuzi 15 juu ya sifuri, kwa hiyo usiku wa baridi injini inarudishiwa sehemu ya kilichopotea. Na nani anahitaji nguvu nyingi kwenye barafu? Kwenye mshiko mdogo, injini dhaifu inayosukuma polepole haizungushi tairi bure.

#12 Mama wa Gereji
Ndugu zangu, mwandishi ameuliza pia kuhusu kuachwa njiani, nanyi mmekaa kwenye kuteleza tu. Nimefanya kazi gereji mjini Denver, na asubuhi za baridi kali simu zinazoingia hazihusu difu. Zinahusu betri. Ile namba ya amperi za kuwashia iliyoandikwa juu ya betri imepimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa sababu hapo ndipo betri inapokuwa dhaifu na oili nzito kwa wakati mmoja. Betri ya miaka mitano inayowasha gari bila shida Oktoba inaweza kukataa kabisa Januari, kwenye maegesho ya Frisco, wakati dukani kwa spea kumefungwa.

Baada ya betri ni maji ya rejeta. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na dawa ya kuzuia kuganda unalinda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, lakini gari lililoongezewa maji matupu kiangazi kizima limeshatoka kwenye kipimo hicho, na kipo kifaa cha bei ndogo cha kuupima. Oili iwe ile kitabu cha gari kinayoitaka, 0W au 5W, siyo nzito ya nyumbani. Maji ya kuoshea kioo yawe ya baridi, maana ya kiangazi yanaganda juu ya kioo palepale unapoyarusha, na wewe uko nyuma ya lori linalomwaga tope.

Kisha kutu. Barabara za hapa hunyunyiziwa kloridi ya magnesi. Inanata uvunguni, inavuta unyevu, na inakula mabomba ya breki, nati na chesisi kimyakimya. Chesisi ya ngazi ambayo Mgeni anaisifu ni chuma chenye mifuko, na tope la chumvi linakaa ndani ya mifuko hiyo miaka. Magari yaliyoletwa kutoka majimbo ya chumvi nyingi nimeyaona: juu yanang'aa, chini unaweza kusukuma bisibisi ikapita. Kuaminika kwa gari la milimani ni kuosha uvungu kila baada ya dhoruba, jina lililo mbele ya boneti linakuja baadaye.

#13 Binti wa Golden
Mama wa Gereji, hapo umenena. Naomba nisogeze mazungumzo kidogo: je, RAV4 ya haibridi? Ekseli ya nyuma haina shafti kutoka mbele kabisa, inasukumwa na mota yake ya umeme. Dada yangu anayo, hajawahi kulalamika.

#14 Kashata Mpya
Kwa barabara iliyosukumwa inatosha kabisa. Mota hiyo ya nyuma ina hosipawa 54 hivi, kwa hiyo usitegemee ikubebe peke yake magurudumu ya mbele yakiwa kwenye barafu na nyuma kuna mlima. Lakini naona umeanza kukubali kwamba gari dogo linaweza, karibu kambini kwetu.

#15 Fundi wa Kiboriloni
Mota isiyounganishwa na shafti haina cha kufunga. Siku gurudumu moja likiwa hewani mtanikumbuka.

#16 Mgeni wa Aurora
Nimesoma yote na nashukuru. Nimepata magari mawili ndani ya fedha yangu. La kwanza ni GX 470 ya mwaka 2008, maili zake ni nyingi, imetunzwa na familia moja. La pili ni Subaru Forester mpya zaidi, maili chache, uvungu uko sentimita 22 juu ya ardhi. Zote zina tairi za misimu yote. Ninaegesha nje, Aurora na Frisco pia. Njia ya mwisho kwenda ninakolala Frisco inapanda sana na hukawia kusukumwa. Nikague nini?

#17 Mama wa Gereji
GX: uliza kwa karatasi, usikubali mdomo, kama mkanda wa taimingi umebadilishwa, maana unatakiwa kila maili 90,000. Tazama mito ya hewa ya nyuma, kama gari limelala upande mmoja asubuhi ujue. Lala chini uguse chesisi kwa mkono, hasa juu ya ekseli ya nyuma. Ijaribu gia nzito na swichi ya difu ya katikati, kwa sababu vitu visivyotumika miaka hukwama. Forester: uliza kama oili ya gia boksi ya CVT imewahi kubadilishwa, na pima kina cha tairi zote nne. Foowili ya namna hiyo inataka tairi zenye mzunguko sawa, ukiwa na moja jipya na tatu zilizoliwa unaumiza klachi ya kati. Gari lolote utakalochagua, toa fungu la fedha kwa tairi na betri kabla hujalipa lote kwa gari.

#18 Dereva wa Masafa
Kwa njia hiyo ya mwisho inayokawia kusukumwa ningechukua GX, na nasema hivyo nikijua nilichoandika #6. Kupanda mlima mfupi wa theluji nzito usiku ukiwa na gia nzito, mguu haugusi mafuta, ni raha. Hesabu mafuta tu: GX itakupa maili 15 hivi kwa galoni, Forester itakaribia mara mbili yake.

#19 Kashata Mpya
Nami ningechukua Forester, na ile tofauti ya mafuta ya msimu mmoja ikanunua seti ya tairi za baridi pamoja na rimu zake. Njia fupi ya mwisho ina dawa yake: minyororo.

#20 Mkaazi wa Bergen
Minyororo kwenye Forester, soma kitabu kwanza. Magari mengi ya namna hiyo yana nafasi ndogo kati ya tairi na shokomzoba, na mnyororo mnene unaweza kukata bomba la breki. Soksi za kitambaa zinaingia pembamba. Jaribu kuzifunga mchana, mikono ikiwa na joto, usisubiri usiku wa dhoruba.

#21 Mgeni wa Aurora
Kwenye gari la foowili zinafungwa mbele au nyuma?

#22 Kibo Kaskazini
Mbele, usukani ufuate.

#23 Dereva wa Masafa
Ukifunga mbele pekee, kwenye mteremko nyuma itakupita. Mimi ningefunga zote nne.

#24 Mama wa Gereji
Kitabu cha gari lako ndicho kinachotaja ekseli, na Forester na GX hazikubaliani kwa hilo. Lete picha za uvungu wa GX kabla hujalipa, Mgeni, nitazitazama.